Fundi, Unalipa Lini?

Mpanda si mji wa kufichia deni. Ukikopa nusu kilo ya sukari Makanyagio saa mbili asubuhi, kufika saa nne mtu wa Kawajense atakuuliza kama chai ilikolea. Mangi wa dukani kwetu ana daftari refu la kaunta, gamba limeliwa na panya, na humo ndani watu hawaandikwi majina, wanaandikwa sifa. Yupo "Mama geti jekundu". Yupo "Mwalimu mrefu". Yupo "Yule wa pikipiki mbovu". Mimi ni "Mama mchele", na mistari yangu karibu yote imekatwa kwa kalamu nyekundu, maana huwa nalipa. Mwalimu mrefu amepewa kurasa mbili peke yake, na Mangi kabla ya kuzifungua hupumua kwanza.

Kwa hiyo anayetaka kujua anaaminika kiasi gani hapa mtaani hahitaji intaneti. Unasimama kaunta, unaomba mafuta ya kupima kwa mkopo, unamwangalia Mangi usoni. Akianza kuchota kabla hujamaliza kusema, uko vizuri. Akianza kulalamika kwamba bei za jumla zimepanda, alama zako zimeshuka. Akikwambia "subiri kwanza nihudumie hawa" na dukani hamna mtu mwingine, nenda zako nyumbani.

Juu ya Mangi kuna kikoba. Chetu hukutana Jumapili mchana, ibada zote zikiwa zimekwisha ili asiwepo wa kusingizia kanisa. Tuna sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo wanashika akina mama watatu wasioelewana. Tuliwachagua kwa sifa hiyo hasa. Kuna kipindi mmoja wao alisafiri kwenda msibani Karema na ufunguo akiwa ameufunga kwenye ncha ya kanga. Sanduku likakaa mbele yetu, pesa zimo, wenye pesa tupo, na mwenzetu mtoto wake kafukuzwa ada. Tukapiga simu, mtandao wa kule ziwani unakuja na kuondoka. Mwisho aliitwa kijana wa kuchomelea akaikata kufuli. Mwenye ufunguo aliporudi tulimpa rambirambi yake kwenye bahasha, humo humo tukiwa tumeshakata gharama ya kufuli. Alihesabu, akatutazama, akasema "Mungu awabariki" kwa sauti ambayo sikuipenda.

Serikali inavitambua vikoba. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imeviweka daraja la 4, na vinasajiliwa halmashauri. Faini zetu ndizo ambazo sheria haizijui: kuchelewa, kunong'ona, kusinzia wakati wa hesabu, na kubwa kuliko zote, simu kuita kikaoni. Faini ya simu aliibuni katibu wetu mwenyewe, mama mmoja makini sana, mwenye mwandiko wa kupigia mstari. Yeye ndiye mwandishi wa faini na ndiye msemaji mkuu wa maadili ya kukopa na kurejesha.

Basi Jumapili moja tuko katikati ya marejesho, simu moja ikalia. Katibu akainua kalamu. Kabla hajaandika ikalia ya pili. Ya tatu. Kisha zikalia kwa pamoja, mikobani, vifuani, chini ya mikeka, hata ya mweka hazina ambayo sote tulijua ni mbovu. Ulikuwa ujumbe mmoja umekuja kwetu sote. Sitaki kuunukuu wote. Ulisema kwamba mtu fulani, na jina lilitajwa, ni mdaiwa sugu, amekopa kupitia programu ya simu na amekimbia, na kwamba sisi tukiwa ndugu na marafiki wa karibu tumshauri alipe kabla ya saa 12 jioni. Jina lilikuwa la katibu.

Hakuna aliyenyanyua uso. Katibu alisoma, akaendelea kuandika. Aliandika faini za simu za watu wote, mmoja baada ya mwingine, kwa mwandiko ule ule wa kupigia mstari, na jina lake akaliweka la mwisho. Siku hiyo mfuko ulituna kuliko kikao chochote. Baadaye tukajua ujumbe haukuishia kwetu: mchungaji aliupata, mwalimu mkuu wa shule ya mwanawe aliupata, na muuza mkaa ambaye aliwahi kupigiwa mara moja tu kuulizwa bei naye aliupata, akaja mpaka nyumbani kumshauri.

Programu za namna hiyo zinapoingia kwenye simu huomba ruhusa ya kuona majina yote uliyohifadhi humo, na mwenye shida ya pesa hasomi, anabonyeza "kubali". Mwaka 2024 Benki Kuu ya Tanzania, BoT, ilitoa mwongozo kwa wakopeshaji wa kidijitali, na Novemba mwaka huo ikatangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni. Katibu aliposikia alikuja kwangu mbio kuniuliza kama maana yake ni kwamba hadaiwi tena. Nikamwambia mimi ni muuza mchele.

Na ni mchele ulionifanya nijue kwamba nina jina la pili. Mpunga wa Kakese na wa Mpimbwe bei yake huwa chini wakati wa mavuno, kisha hupanda taratibu mpaka ukifika Januari unajilaumu kwa kila gunia uliloliuza mapema. Mwenye mtaji hununua Juni, akahifadhi. Nikaona nami nikope kidogo kwenye taasisi moja ya fedha pale mjini, ambayo sitaitaja maana bado nasalimiana nao.

Afisa mikopo alikuwa kijana mdogo, tai imekaza, amenipa shikamoo safi. Akachukua kitambulisho changu cha NIDA, akaingiza zile tarakimu 20 moja moja, akasubiri. Kisha akaigeuza kompyuta kidogo, si upande wangu, upande wake zaidi.

"Mama, hapa kuna kitu."

"Kitu gani mwanangu?"

"Kuna mkopo haujafungwa."

Nilipitisha kichwani kila deni nililowahi kuwa nalo hapa duniani. Kikoba safi. Mangi safi. Kuna sufuria la jirani, lakini hilo halikuwa mkopo, lilikuwa ubishi.

"Wa shilingi ngapi?"

Akashusha sauti. "Elfu nne na mia mbili."

Nilicheka, yeye hakucheka. Nikafungua mkoba nimpe elfu tano abaki na chenji, akarudi nyuma na kiti chake na kusema mama, hapa sisi hatupokei hilo, ni la watu wengine, ni mkopo wa kwenye simu. Nilikuwa nimekuja kuomba mamilioni na nimezuiwa mlangoni na pesa ya kilo mbili za mchele wangu mwenyewe.

Kijana alinielewesha vizuri, na kwa hilo namshukuru. Benki na wakopeshaji wenye leseni hupeleka taarifa za wateja wao kwenye kanzidata ya BoT, nani kakopa, kiasi gani, analipaje. Huko kuna kampuni zenye leseni zinazozichakata na kumtengenezea kila mkopaji ripoti na alama, Creditinfo na Dun & Bradstreet ndizo alizozitaja. Utaratibu wenyewe una kanuni za mwaka 2012. Mkoa wa Katavi nao ulimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, kwa hiyo mkoa wetu na kompyuta hiyo ni rika moja. Tofauti ni kwamba mkoa tulipigiwa ngoma ulipozaliwa, kompyuta hakuna aliyetuambia.

Creditinfo ina asili ya Aisilandi, ilianzia huko mwaka 1997. Nimeitafuta Aisilandi kwenye ramani ya mwanangu ya shule. Ni kisiwa cha barafu na volkano. Sijui mtu wa huko angejisikiaje akiambiwa kwamba Mama mchele wa Makanyagio anadaiwa 4,200.

Hiyo kampuni ya pili, ya Dun, ina hadithi nzuri zaidi. Mizizi yake ni New York, mwaka 1841, kwa mfanyabiashara wa hariri aitwaye Lewis Tappan, mtu wa dini aliyepiga vita utumwa. Duka la yeye na kaka yake lilikuwa limeanguka kwenye msukosuko wa uchumi wa mwaka 1837, waliowakopesha wengi wakashindwa kulipa. Tappan akaanzisha ofisi ya kukusanya habari za wafanyabiashara wa miji ya mbali, ili mwenye mali New York ajue anayemkopesha ni mtu wa namna gani. Waandishi wake walikuwa wanasheria na watu wanaoheshimika wa miji hiyo, na mmoja wao alikuwa Abraham Lincoln kabla hajawa rais. Waliandika fulani ni mwaminifu, fulani mlevi, fulani ana mke mwenye akili kuliko yeye. Yaani Wamarekani walianza na daftari la Mangi. Sisi daftari tunalo siku zote, tulichokosa ni kuligeuza kampuni.

Turudi kwenye 4,200. Nilimwambia kijana sijawahi kukopa kwenye simu, hata vocha ya kukopa siitaki. Akaniuliza, "Mama, laini zako zote unazijua?" Nikasema ninazo mbili. Akasema, "Piga *106#, uweke namba ya NIDA." Nikapiga pale pale kwenye kiti chake cha wateja. Sikukatwa hata shilingi. Nikakuta kwenye mtandao mmoja nina laini nisiyoijua.

Hapo ndipo kidole gumba changu kilipokumbuka. Kuanzia Mei 2019 serikali ilitaka kila laini isajiliwe upya kwa alama za vidole, na mwisho ukawa tarehe 20 Januari 2020. Waliokuwepo Mpanda siku zile wanajua foleni za NIDA zilivyokuwa. Mwezi wa kumi, kiangazi kikikaza, viboko wa Hifadhi ya Katavi husongamana kwenye dimbwi la mwisho la mto Katuma, mgongo juu ya mgongo, wanakoromeana. Ndivyo tulivyokuwa, isipokuwa viboko hawakuagizwa nakala ya cheti cha kuzaliwa. Ukishapata namba unakwenda kwa wakala wa mwavuli. Wangu alikuwa kijana mchangamfu sana. Mimi natoka kupepeta mchele, vidole vimejaa vumbi la pumba. Nikabonyeza.

"Bonyeza tena mama, haijasoma."

Akanifuta kidole kwa fulana yake. Nikabonyeza tena.

"Kidole cha pili mama. Mikono ya kazi hii. Bonyeza tena."

Nikawa nambonyezea tu, namwonea na huruma kwa mashine yake mbovu. Nikamnunulia na maji. Mashine haikuwa mbovu. Sasa naamini kila nilipobonyeza ilisoma, na mara mojawapo ilisomea laini ya mtu mwingine kabisa, ambaye hakuwa na kitambulisho au hakutaka kukitumia, na ambaye siku moja alishikwa na shida ya shilingi 4,200 na akaimaliza kwa jina langu. Nikiwaza hivyo hasira hupungua kidogo. Angekuwa mwizi mwenye tamaa angekopa zaidi.

Balaa la laini halikuishia hapo. Nilisema ninazo mbili; ile ya pili niliinunua mpya, kwenye kadi yake, mbele ya macho yangu. Namba isipotumika muda mrefu huwa inarudishwa sokoni, hilo nilikuwa silijui. Wiki hiyo hiyo ikaanza kuita.

"Fundi, habari za saa hizi."

"Nzuri, lakini mimi si fundi."

"Fundi, unalipa lini?"

Nikaeleza. Akanyamaza. Akasema, "Fundi, mbona umebadilisha sauti?" Kesho yake mwingine, wa taasisi nyingine, mpole zaidi: "Wewe ni nani kwa Fundi? Mke wake?" Simjui. "Basi ukimwona mwambie." Akaja wa tatu, yeye hakuwa na habari ya deni, alitaka Fundi aje amalizie choo alichokiacha bila mfuniko tangu Pasaka. Huyo ndiye aliyeniuma zaidi. Nilijikuta namtetea Fundi, nasema labda anaumwa. Mume wangu akaingia wakati nasema, "Nimekuambia Fundi hayupo hapa," nikalazimika kufanya usuluhishi wa pili, nyumbani, na huo ulichukua muda kuliko wa madeni.

Niulizwe ni njia gani ya bei nafuu ya kulinda jina, nitasema hii ya kwanza: unapopokea namba mpya, waambie wanaompigia mwenye namba wa zamani kwamba namba imebadilika mwenyewe, waandikie kwa ujumbe ili ubaki na ushahidi, na usikubali kamwe kusema "nitamfikishia". Ukishasema utamfikishia umeshakuwa ndugu.

Lile la 4,200 nililimaliza kwa miguu na karatasi. Mume wangu alishauri nilipe tu yaishe, ni pesa ndogo. Nikakataa. Kulipa kungekuwa kukiri, na kesho laini ile ile ingekopa elfu arobaini. Nilikwenda duka la mtandao husika na kitambulisho, wakaifunga ile laini na kunipa karatasi. Nikaandika barua kwa mkopeshaji kwamba deni silitambui, nikaambatanisha ile karatasi. Nakala nikazituma kwa barua pepe kwa kampuni za taarifa za wakopaji huko Dar es Salaam, kupitia kijana wa duka la steshenari, kwa bei ya kuskani tu. Kanuni zinampa mkopaji haki ya kuona kilichoandikwa juu yake na kudai kirekebishwe kama si kweli. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, nayo inasema hivyo kwa taarifa zako zote, si za mkopo peke yake. Ilichukua muda, nilipiga simu mpaka dada wa mapokezi akawa ananiuliza hali ya mvua Katavi, lakini rekodi ilirekebishwa.

Kijana wa steshenari alinionea huruma, akaniambia kuna jamaa yake anasafisha majina kwa elfu hamsini, hana haja ya barua. Nikamuuliza anasafisha na nini. Akasema ana mtu ndani. Mkiambiwa "ana mtu ndani" shikeni mikoba yenu. Jina haliwi safi kwa kumlipa mtu wa steshenari. Deni la kweli hulipwa kwa aliyekukopesha, ukadai barua kwamba umemaliza, ukaitunza pamoja na vyeti vya ubatizo. Deni la uongo hupingwa kwa maandishi. Zaidi ya hapo ni elfu hamsini imekwenda.

Majirani zetu Kenya wako mbele, au nyuma, inategemea unavyoona. Huko kila mtu anaijua CRB, yaani kampuni ya taarifa za wakopaji. Watu wameombwa cheti chake hata wanapotafuta kazi serikalini, na kanuni zao zinampa kila mkopaji ripoti moja ya bure kwa mwaka. Marekani mtu anatembea na alama yake kichwani, kati ya 300 na 850, na kuna kampuni tatu zinazomwandika. Siku hizi anaweza kuomba ripoti zake bure kila wiki. Kila wiki! Mimi nikiomba kila wiki yule dada wa mapokezi atanipangia chumba.

Kwetu, njia ya bei rahisi ninayoijua ya kuiona ripoti yako ni ulimi. Unapokwenda kuomba mkopo, hata mdogo, afisa mikopo lazima afungue taarifa zako. Usikae pale na kusubiri "ndiyo" au "hapana" peke yake. Mwambie, "Mwanangu, nisomee yaliyoandikwa." Wengi wetu tunaona aibu, tunafikiri ile kompyuta ni mali ya kijana. Yaliyomo ni yako. Muulize ni mikopo mingapi inaonekana kwa jina lako, ipi imefungwa, ipi haijafungwa, na ni nani aliyeipeleka. Mwenye mikopo ya kwenye simu, kama hii iliyoenea tangu M-Pawa ilipoanza mwaka 2014, aingie kwenye menyu yake mara moja moja aone salio la deni. Kuna watu wanadaiwa mia tatu iliyobaki kwenye rejesho la mwisho na wamelala usingizi.

Kinachoniudhi mpaka leo ni kikoba. Miaka yote ninanunua hisa, nakopa, narejesha, nalipa na faini za simu, na hakuna hata mstari mmoja wa hayo uliofika Dar es Salaam. Kikoba chetu hakipeleki majina kokote; vitabu vyetu vinaishia kwenye sanduku la kufuli tatu. Kwa kompyuta, mimi ni mwanamke asiye na historia yoyote isipokuwa 4,200 za mtu mwingine. Mangi akinipa sifa, sifa hiyo inafika Kawajense na kuishia hapo. Wakubwa wanaotunga kanuni walitazame hili, maana akina mama wengi wa Katavi ni walipaji wazuri ambao hawaandikwi, na anayeandikwa ni mwenye laini yangu.

Shemeji yangu analima tumbaku, na yeye haamini lolote kati ya haya. Kwake deni ni mbolea aliyoichukua kupitia AMCOS, chama chao cha ushirika, inakatwa siku ya malipo, na mwenzake kwenye chama akishindwa kulipa wanabanwa wote, basi. Anasema huko hakuna alama, kuna kuoneana aibu mnadani. Nilimlazimisha apige *106#. Naye akakuta laini asiyoijua.

Ukipiga na wewe, na naomba upige, kwenye kila mtandao wenye laini yako, halafu ukakuta namba ngeni, usimpigie mwenye nayo kumuuliza. Shemeji alipiga. Wakasalimiana vizuri, wakaulizana mvua, na kabla hawajaagana alikuwa ameshamtumia elfu kumi ya hospitali. Wewe chukua kitambulisho chako, nenda dukani kwa mtandao husika, uifunge siku hiyo hiyo, na udai karatasi.